Mganga Aliyejiganga

Novemba 2009, katika leba ya Hospitali ya Kilutheri ya Haydom wilayani Mbulu, walianza kuonekana watu walioshika saa za kuhesabia sekunde. Walikaa kwa zamu, usiku na mchana. Kazi yao haikuwa kuzalisha. Walitazama na kuandika: mtoto ametoka saa ngapi, amelia baada ya sekunde ngapi, na kama hakulia, amefutwa na kusuguliwa mgongo au amenyonywa ute, na zimepita sekunde ngapi kabla ya barakoa kuwekwa usoni pake na mfuko wa hewa kuminywa.

Haydom ni mji mdogo wa nyanda za juu, safari ya kilomita karibu 300 kutoka Arusha. Hospitali yake ilifunguliwa mwaka 1955 na wamisionari wa Kilutheri kutoka Norwei. Akina mama wanaofika pale ni Wairaqw, ambao lugha yao ni ya Kikushi; Wadatoga, ambao lugha yao ni ya Kiniloti; Wanyiramba na Wanyisanzu, ambao ni Wabantu; na Wahadzabe, ambao lugha yao yenye vidoko haijathibitishwa kuwa na ndugu popote duniani. Wakati huo watoto karibu 5,000 walizaliwa hospitalini hapo kila mwaka.

Wale wenye saa walikuwa wasaidizi wa utafiti. Kazi yao, ambayo wakati huo ilihusu pumzi ya mtoto mchanga tu, ilikuja kugusa ugomvi wa zamani sana wa vyuo vikuu: je, mtafiti hodari huwa mwalimu mzuri? Ili kuona jinsi leba ya Mbulu ilivyoingia katika ugomvi huo, inafaa turudi nyuma kidogo, kisha tupite wilaya jirani ya Hanang.

Chuo Kikuu cha Berlin kilipoanzishwa mwaka 1810, fikra za Wilhelm von Humboldt zilikuwa kwamba profesa na mwanafunzi wanatafuta elimu pamoja, hivyo kutafiti na kufundisha ni kazi moja. Mwaka 1852 John Henry Newman, katika utangulizi wa mihadhara yake ya Dublin, alisema kinyume chake: kugundua ni kipaji kimoja na kufundisha ni kipaji kingine, na ni nadra viwili hivyo kumkuta mtu mmoja. Vyuo vya Afrika Mashariki vilirithi ubishi huu bila kuumaliza. Mhadhiri hupanda cheo zaidi kwa machapisho yake, huku mwanafunzi akimpima kwa kile anachokielewa ukumbini. Mwaka 1996 John Hattie na Herbert Marsh walikusanya tafiti 58 zilizokuwa zimelinganisha ubora wa watu katika kazi hizo mbili. Uhusiano walioupata ulikuwa 0.06, karibu na sifuri. Kwa maneno mengine, ukijua kwamba mtu ni mtafiti bora, hujajua lolote kuhusu ualimu wake.

Sifuri hiyo imetumiwa na kila upande kujitetea. Lakini wastani huficha watu. Ndani yake wamo watafiti waliofundisha vizuri sana na watafiti waliofundisha vibaya sana, na swali linalobaki ni nini kiliwatenganisha. Mbulu na Hanang zina visa vitatu vinavyosaidia kulijibu.

Cha kwanza kiko katika tambarare za Basotu, chini ya Mlima Hanang. Hapo Wabarabaig, tawi la Wadatoga, walichunga ng'ombe wao kwa utaratibu wa kuhama kwa majira. Kila aina ya malisho ilikuwa na wakati wake, na ya thamani kuliko zote yalikuwa yale ya bondeni yenye udongo mzito, waliyoyaita muhajega. Ng'ombe walipelekwa huko kwa kipindi kifupi, kisha ardhi ikaachwa ipumzike. Mgeni aliyepita wakati wa mapumziko hayo angeona uwanda mtupu usio na mwenyewe.

Katika miaka ya 1950 mwanaanthropolojia wa Kimarekani, George Klima, alikaa na Wabarabaig akajifunza lugha na mambo yao. Kitabu chake kilitoka mwaka 1970, katika mfululizo wa vitabu vilivyotungwa mahususi kwa ajili ya wanafunzi wa vyuo vya Marekani. Kwa hiyo wakati ule kijana wa Kimarekani aliyejiandikisha somo la anthropolojia angeweza kusoma jinsi familia ya Kibarabaig inavyogawana mifugo, na jinsi wanawake wanavyokaa baraza lao na kumtoza faini mwanamume aliyewakosea. Utafiti uligeuka somo, na somo likafika darasani. Darasa lenyewe ndilo lilikuwa ng'ambo ya bahari.

Kwenye tambarare zenyewe, karibu na wakati kitabu hicho kilipotoka, walifika wataalamu wa aina nyingine. Serikali ilikuwa imeunda Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, na kwa msaada wa Kanada likaanza kulima ngano Hanang kwa mashine. Mashamba yalifika 7, miongoni mwake Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda na Gawal, yenye jumla ya ekari kama 100,000. Hawa hawakuwa wababaishaji. Walipima udongo na mvua, walijaribu mbegu, na vijana wa Kitanzania walipelekwa Kanada kusomea kilimo hicho. Ngano ilistawi. Kwa kipimo walichokuwa nacho, yaani gunia, mambo yalikwenda vizuri.

Kipimo hicho hakikugusa muhajega. Mashamba yalichukua malisho yaleyale yaliyokuwa mhimili wa mzunguko mzima, na ng'ombe wakasukumwa kwenye ardhi dhaifu zaidi. Njia za kupeleka mifugo kwenye maji zilifungwa, na makaburi ya wazee, yale malundo ya udongo yanayoitwa bung'eda, yakapitiwa na majembe ya trekta. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Walishinda Mahakama Kuu, kisha katikati ya miaka ya 1980 wakashindwa Mahakama ya Rufani, iliyosema hawakuwa wamethibitisha haki yao ya kimila juu ya ardhi hiyo. Mzunguko wa malisho ulikuja kuelezwa kinaganaga na mtafiti Charles Lane, aliyefanya kazi Hanang miaka ya 1980 na kuchapisha kitabu mwaka 1996, miaka zaidi ya 25 baada ya kitabu cha Klima.

Mwaka 1991 Rais aliunda tume ya kuchunguza masuala ya ardhi kama hayo, chini ya uenyekiti wa Issa Shivji, profesa wa sheria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tume ilizunguka Tanzania Bara ikisikiliza wanavijiji mikutanoni, na ripoti yake ilichapishwa mwaka 1994. Profesa alikuwa ameacha ukumbi wa mihadhara akaketi upande wa wasikilizaji. Yaliyosemwa katika mikutano ile yameingia katika masomo ya sheria ya ardhi hadi leo, ingawa sheria za ardhi za mwaka 1999 hazikufuata pendekezo kuu la tume, la kumwondolea Rais mamlaka ya mwisho juu ya ardhi.

Kisa cha Hanang kwa kawaida husimuliwa kama kisa cha dhuluma ya ardhi, na ndivyo kilivyo. Ndani yake pia mna habari ya ualimu. Wataalamu wa ngano walikuwa watafiti wa kweli, na walikuja kufundisha. Walipima kila kitu shambani isipokuwa athari ya somo lao kwa wale waliokuwa wakiishi hapo. Waswahili wana neno kwa hali hii: mganga hajigangi.

Kisa cha pili kinahusu lugha. Mtoto wa Mbulu husikia Kiiraqw nyumbani, husoma Kiswahili shule ya msingi, na akifika kidato cha kwanza karibu masomo yote hugeuka Kiingereza. Akifika chuo kikuu, Mlimani, Dar es Salaam, profesa wake, awe bingwa wa fizikia au wa historia, humfundisha kwa lugha hiyohiyo ya tatu.

Mwaka 2002 kilitoka Köln, Ujerumani, kitabu kilichochukua kazi ya miaka mingi: kamusi ya Kiiraqw na Kiingereza. Waandishi wake walikuwa watatu. Maarten Mous wa Leiden alikuwa amekwisha kuchapisha sarufi ya Kiiraqw mwaka 1993. Roland Kießling alikuwa mtaalamu wa lugha za Kikushi za Tanzania. Wa tatu alikuwa Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hiyo ni kazi ya kitafiti hasa: kukaa na neno moja, kusikiliza sauti zake za kooni na kidatu chake, na kuuliza tena na tena kama maana iliyoandikwa ndiyo.

Mwaka huohuo Qorro alikuwa ameingia katika kazi nyingine. Pamoja na Birgit Brock-Utne wa Oslo, aliyepata kuwa profesa wa elimu Dar es Salaam, na Zubeida Desai wa Afrika Kusini, alianza mradi wa kuchunguza lugha ya kufundishia Tanzania na Afrika Kusini, uliojulikana kwa kifupi kama LOITASA. Jambo lenyewe halikuwa jipya. Tume ya Makweta ilikuwa imependekeza mwaka 1982 kwamba sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd walipima Kiingereza cha wanafunzi wa Tanzania, wakakuta kwamba wengi hawakukimudu kiasi cha kukitumia kusomea masomo mengine. Serikali ikachagua kuimarisha Kiingereza. Watafiti wa LOITASA walifanya jambo la wazi ambalo ni wachache walikuwa wamelifanya: waliingia madarasani. Walitazama somo lilelile la baiolojia au jiografia likifundishwa kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, na kuandika nani ameuliza, nani amejibu, nani amenyamaza.

Waliyoyaona, kila mwalimu wa sekondari nchini anayajua. Kwa Kiingereza mwalimu huandika ubaoni na wanafunzi hunakili. Akiuliza kama wameelewa, huitikia kwa pamoja kwamba ndiyo. Kwa Kiswahili darasa huanza kubishana. Hoja ambayo Qorro aliirudia katika maandishi yake ni kwamba kufundisha lugha ni jambo moja na kuitumia kufundishia masomo mengine ni jambo jingine, na Kiingereza kingeweza kufundishwa vizuri zaidi kama somo. Sekondari na vyuo bado hufundisha kwa Kiingereza. Tukiacha upande gani una haki, tuitazame njia waliyopita. Mtaalamu wa lugha alichukua uangalifu uleule unaotumika kuchunguza neno la Kiiraqw akauelekeza kwenye chumba ambamo watu wa kazi yake hufundishia. Swali likageuka: “Mwalimu anajua nini?” likawa “Mwanafunzi amesikia nini?”

Sasa turudi leba.

Mtoto mmoja mmoja huzaliwa bila kupumua. Wengi wao huanza kupumua wakifutwa na kusuguliwa. Wachache huhitaji kupuliziwa hewa kwa barakoa na mfuko, na hao muda wao ni mfupi. Wakufunzi huuita dakika ya dhahabu. Daftari za wenye saa wa Haydom zilionyesha jinsi muda huo ulivyo mfupi: kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza kumpulizia mtoto hewa ziliongeza kwa asilimia 16 hatari ya kufa au kulazwa muda mrefu, hadi kufikia dakika sita.

Aliyeongoza kazi hii alikuwa Hege Ersdal, daktari wa usingizi kutoka Stavanger, Norwei, ambaye baadaye alikuwa profesa huko. Alifanya kazi pamoja na watafiti wa Haydom wenyewe, akiwemo Estomih Mduma. Aprili 2010 wakunga na wahudumu wa Haydom walipewa mafunzo ya siku moja yaitwayo Helping Babies Breathe, ambayo ndiyo yalikuwa yanaanza kuenezwa duniani. Vifaa vyake ni vichache: picha, barakoa, mfuko wa hewa, na mwanasesere aliyejazwa maji ili awe na uzito wa mtoto, ambaye kifua chake huinuka ukimpulizia vizuri.

Kabla ya mafunzo, wahudumu walikuwa wamejaribiwa kwa mwanasesere huyo. Waliofaulu jaribio la kumfufua mtoto asiyepumua walikuwa asilimia 18. Miezi 7 baada ya mafunzo walijaribiwa tena, na waliofaulu walikuwa asilimia 74. Katika jaribio la huduma ya kawaida ya mtoto mchanga walipanda kutoka asilimia 41 hadi hizohizo 74.

Hapa msomaji aliyepata kufundisha popote atulie kidogo. Kutoka 18 hadi 74, na miezi 7 imepita, kwa hiyo si kukariri kwa usiku mmoja. Chuo gani kisingefunga jalada hapo? Mkufunzi angepewa cheti, ripoti ingekwenda kwa wafadhili, na kozi ingehamia wilaya nyingine.

Lakini wale wenye saa walikuwa bado leba, na daftari zao zilisema jambo jingine. Kwa watoto halisi, idadi ya walionyonywa ute au kupuliziwa hewa haikubadilika. Kusuguliwa, hatua ya kwanza na nyepesi kuliko zote, kulipungua. Wahudumu walijua la kufanya na waliweza kulifanya mbele ya mwanasesere. Saa nane za usiku, mama anatoka damu, mkunga yuko peke yake na mtoto hajalia, ujuzi ule haukuvuka kutoka chumba cha mafunzo hadi mezani. Watafiti walichapisha matokeo hayo mwaka 2013, na kichwa cha makala yao kilisema wazi kwamba mafunzo ya siku moja yanaboresha majaribio bila kuboresha huduma.

Si jambo dogo mwalimu kuandika hivyo kuhusu somo lake mwenyewe. Na somo halikuwa bovu: mwaka huohuo ulichapishwa utafiti wa hospitali 8 nchini, ukiongozwa na Georgina Msemo, ulioona vifo vya saa 24 za kwanza vikipungua kwa asilimia 47 baada ya mafunzo hayohayo kuanzishwa. Kwa hiyo Haydom hawakuwa na sababu ya kulitupa. Walipaswa kutafuta mahali lilipokatikia.

Waliyoyafanya yalikuwa madogo mno kuweza kuitwa mageuzi. Kuanzia Februari 2011 mwanasesere alihamia leba. Mafunzo ya siku moja yaligawanywa yakawa mazoezi ya dakika 3 hadi 5, kila wiki, palepale kazini, karibu na meza ambayo kesho yake ingelazwa mtoto halisi. Mazoezi hayakusubiri mgeni wa kutoka Ulaya. Yalisimamiwa na watu wa hapohapo. Mkunga akipata nafasi kati ya mama mmoja na mwingine, alichukua barakoa, akafanya, akarudi kazini.

Mwaka uliotangulia, kati ya watoto 4,894 waliozaliwa Haydom, vifo ndani ya saa 24 vilikuwa 11.1 kwa kila watoto 1,000. Mwaka uliofuata, kati ya watoto 4,814, vilikuwa 7.2. Waliosuguliwa na kunyonywa ute waliongezeka, na waliohitaji kupuliziwa hewa wakapungua, kwa maana wengi walianza kupumua mapema. Mduma na wenzake walichapisha hesabu hiyo mwaka 2015. Kulinganisha mwaka na mwaka katika hospitali moja hakutoshi kuthibitisha kila kitu, maana mengine nayo huweza kubadilika. Hata hivyo tofauti ya viwango hivyo viwili ni watoto kama 20 katika mwaka mmoja.

Wazo hilo la mazoezi mafupi ya mara kwa mara halikubaki Haydom. Lilikuja kuwa sehemu ya mpango mkubwa wa uzazi salama uliotekelezwa katika hospitali na vituo 30 vya mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2025, yakihusu akina mama zaidi ya 280,000. Vifo vya watoto wachanga vilipungua kwa asilimia 40 hivi, na vya akina mama kwa asilimia kama 75.

Visa vitatu, basi, na majirani kwa ramani. Wataalamu wa ngano, watafiti wa lugha na watafiti wa leba wote walikuwa watu wa vipimo. Wa kwanza walielekeza kipimo kwenye ngano wakauacha ualimu wao bila kuuliza. Wa pili waliingia na daftari darasani. Wa tatu walifika mbali zaidi: walikaa kando ya mwanafunzi baada ya mtihani, akiwa peke yake usiku, wakahesabu sekunde. Ile 0.06 ya Hattie na Marsh haishangazi tukiitazama kwa jicho hilo. Utafiti wa mtu haumsaidii mwanafunzi wake kwa kuwapo tu. Unamsaidia siku mtafiti anapolitilia shaka somo lake kama anavyoitilia shaka nadharia ya mwenzake.

Vyuo vyetu navyo vina vipimo vyake. Mwisho wa muhula mwanafunzi hujaza fomu ya tathmini ya mhadhiri, na mhadhiri husahihisha mitihani akatoa asilimia. Vyote viwili vinafanana na lile jaribio la mwanasesere: vinatuambia mwanafunzi ameweza nini ndani ya chumba alimofundishwa. Haydom walikuwa na daftari la pili, lililoandikwa upande wa pili wa mlango, na bila hilo wangeendelea kuisherehekea ile 74. Mhitimu wa sheria huenda akaketi baraza la ardhi Katesh, wa ualimu akasimama mbele ya kidato cha kwanza Dongobesh, wa kilimo akapita Basotu. Profesa wake yuko Mlimani, anaandika makala nzuri. Saa ya sekunde haijashikwa na mtu.